Lodwar na Kakuma: Nchi ya Mafuta Inunuayo Mafuta

Msafiri aendaye Turkana kwa barabara huyaacha mashamba ya mahindi ya Kitale asubuhi, hupita Kapenguria penye ubaridi, kisha huteremka katika bonde jembamba la Marich ambamo mto hupita kati ya milima iliyosimama kama kuta. Atokapo huko chini huona nchi imebadilika mara moja. Nyasi huwa haba, miti hufupika na kujaa miiba, na upepo uingiao dirishani huwa wa moto. Kutoka hapo mpaka Lodwar ni nchi tambarare ya mchanga na mawe, yenye mito ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka haina maji. Eneo la Turkana ni zaidi ya kilometa za mraba 68,000, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 wakazi wake walikuwa 926,976. Wengi wao ni Waturkana, wafugaji wa ngamia, mbuzi, kondoo, ng'ombe na punda.

Zamani watu wa mbali waliisikia Turkana kwa habari za ukame, njaa na wizi wa mifugo. Tangu mwaka 2012 wameisikia kwa habari nyingine, nayo ni mafuta yaliyo chini ya ardhi yake. Lakini wengi waliozisikia habari hizo hawakuelezwa mafuta hayo ni kitu gani hasa, wala hugeuzwaje kuwa petroli ya motokaa, mafuta ya taa, mshumaa, au yale mafuta meupe ambayo mama humpaka mtoto baada ya kumwogesha. Kwa kuwa jambo lenyewe lahusu mali ya nchi nzima, yafaa kulieleza kwa utaratibu, kuanzia sokoni na kurudi nyuma hata kisimani.

MJI WA LODWAR

Lodwar uko kando ya mto Turkwel, kati ya vilima vyeusi vya mawe. Serikali ya Kiingereza iliufanya kituo cha utawala, na siku zile mgeni hakuruhusiwa kuingia wilaya hii pasipo kibali. Jomo Kenyatta aliletwa hapa mwaka 1959 kutoka Lokitaung, akakaa chini ya ulinzi mpaka mwaka 1961. Siku hizi Lodwar ni makao makuu ya kaunti, wenye maofisi, benki, hospitali, uwanja wa ndege na soko kubwa. Kando ya mto huota mikoma mirefu, na kwa majani yake wanawake husuka vikapu vizuri vinavyouzwa hata Nairobi. Jua ni kali. Mara nyingi joto la mchana hufika nyuzi 35 au hupita.

Kwa miaka mingi taa za Lodwar ziliwashwa kwa umeme wa mashine za dizeli, na dizeli hiyo ililetwa kwa malori kutoka mbali. Jambo hili lina ajabu yake. Mto uleule wa Turkwel ulizibwa huko juu kwa bwawa kubwa, na tangu mwaka 1991 mitambo ya bwawa hilo, yenye nguvu ya megawati 106, imekuwa ikifua umeme. Umeme huo ulipitishwa kwa nyaya kuelekea kusini mpaka Lessos, ukaingia katika njia kuu za taifa, na watu wa Lodwar wakaendelea kuchoma dizeli. Habari hii yafaa kukumbukwa kila mafuta ya Turkana yanapozungumzwa.

MJI WA KAKUMA

Kutoka Lodwar barabara huelekea kaskazini-magharibi, na baada ya kilometa 120 hivi msafiri huwasili Kakuma, mji ulio kando ya mto Tarach. Siku nyingi Tarach ni mchanga mtupu, lakini mvua ikinyesha milimani hushuka kwa ghafula, na ole wake aliyejenga karibu na ukingo. Mwaka 1992 wakimbizi wa vita vya Sudan walifika hapa, wengi wao wakiwa vijana wasio na wazazi, na kambi ikafunguliwa. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengineo. Mwaka 2016 makao mapya yakaanza kukaliwa Kalobeyei, karibu na hapo. Leo kambi ya Kakuma na makao ya Kalobeyei yana watu zaidi ya 200,000, nao pamoja na wenyeji wamefanya soko lenye shughuli nyingi katikati ya jangwa. Mturkana huleta mbuzi, kuni na makaa. Mkimbizi huuza unga, nguo na vyombo. Na Kiswahili ndiyo lugha ambamo wengi hupatana bei.

Mtu akisimama mbele ya duka moja tu la Kakuma na kuvihesabu vilivyomo, ataona jambo la kushangaza. Kuna chupa za petroli kwa ajili ya bodaboda. Kuna dizeli ya jenereta, maana kwa miaka mingi wafanya biashara wa kambi waliwasha taa na majokofu yao kwa majenereta. Kuna mafuta ya taa ya koroboi na mishumaa. Kuna mafuta ya injini na grisi. Kuna mikebe ya jeli ya kupaka midomo iliyopasuka kwa upepo, na chupa ndogo za mafuta ya watoto wachanga, meupe kama maji. Ndoo ya plastiki, kandambili, na hata lami ya barabara iliyo nje ya mji, asili yao ni moja. Vyote hivyo ni ndugu wa tumbo moja; vimetokana na mafuta ghafi, yaani mafuta kama yalivyotoka ardhini.

NAMNA TATU ZA MAFUTA

Mafuta tunayoyatumia wanadamu ni ya namna tatu. Namna ya kwanza ni ya mimea, kama nazi, ufuta, alizeti na pamba. Ya pili ni ya wanyama, kama samli na mafuta ya mkia wa kondoo, ambayo Waturkana huyajua sana. Ya tatu ni mafuta ya madini, yatokayo chini ya ardhi.

Tofauti zake si ndogo. Mafuta ya mimea na ya wanyama ni chakula, na yakikaa sana huharibika na kunuka. Mafuta ya madini hayaharibiki upesi, wala mwili hauwezi kuyafanya chakula; hata yale yaliyosafishwa kabisa yakimezwa hupita tumboni na kutoka. Kwa sababu hiyo yanafaa kulainisha vyuma, kulinda ngozi isikauke na kukaa ndani ya mashine kwa miaka, kazi ambazo samli haiwezi kuzifanya.

ASILI YA MAFUTA YA LOKICHAR

Wataalamu wa mawe wanasema kwamba mamilioni ya miaka iliyopita, Bonde la Ufa lilipokuwa likididimia, kusini mwa Turkana palikuwa na ziwa kubwa. Ndani yake uliishi mwani mdogo mdogo, ukafa na kuzama pamoja na tope. Tope likarundikana juu ya tope mpaka likawa jiwe, na joto la ardhi likaupika mwani ule polepole hata ukawa mafuta. Mafuta yakapanda, yakajipenyeza katika mawe ya mchanga, yakazuiwa na mawe yasiyopitisha kitu, yakakaa humo. Wengi hudhani kwamba chini ya ardhi kuna ziwa la mafuta ambalo mtu angeweza kuchota. Sivyo. Mafuta hukaa ndani ya vitundu vidogo vya jiwe, kama maji yakaavyo katika sifongo.

Mwaka 1992 kampuni ya Shell ilichimba kisima Loperot, ikaona dalili za mafuta, kisha ikaondoka. Miaka 20 ilipita. Ndipo kampuni ya Tullow, yenye makao yake London, ilipochimba kisima karibu na Lokichar, mji ulio upande wa kusini wa Lodwar, ikakiita Ngamia-1. Tarehe 26 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki aliwatangazia wananchi kwamba mafuta yameonekana. Visima vingine vikafuata, vikapewa majina kama Twiga, Etuko na Amosing.

Kisima cha mafuta hakichimbwi kwa sururu. Mlingoti mkubwa wa chuma husimamishwa, na keekee yenye meno magumu huzungushwa mpaka chini sana. Wakati wote tope maalumu husukumwa ndani ya kisima. Tope hilo lina kazi tatu: huipoza keekee, huleta juu vipande vya mawe vilivyokatwa, na kwa uzito wake huyazuia mafuta na gesi yasiruke kwa ghafula. Baadaye mabomba ya chuma huteremshwa na kushikizwa kwa saruji ili mafuta yasiingie katika maji ya chini ambayo watu na mifugo hunywa.

Mafuta ya Turkana yana sifa mbili kubwa. Ya kwanza ni njema: yana salfa kidogo, kwa hiyo kuyasafisha hakuna taabu nyingi upande huo. Ya pili ni ngumu: yana nta nyingi, maana ndivyo yalivyo mara nyingi mafuta yaliyotokana na mwani wa maziwa. Kila mfugaji ameiona samli ikiganda asubuhi na kuyeyuka jua linapopanda. Mafuta ya Lokichar ni kama samli hiyo, ila yahitaji joto kubwa zaidi. Yakipoa chini ya nyuzi 40 hivi huanza kuganda, na kwa hiyo hata mchana wa Lodwar hautoshi kuyafanya yatiririke vizuri. Lazima yapashwe moto kisimani, ndani ya tangi, na njiani pia.

KUYATENGANISHA

Mafuta ghafi si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa vitu vingi vilivyojengwa hasa kwa kaboni na haidrojeni, vilivyoungana kama minyororo mifupi na mirefu. Minyororo mifupi ni myepesi na hugeuka mvuke kwa joto dogo. Mirefu ni mizito, nayo hutaka joto jingi. Kazi ya kwanza ya kiwanda ni kutumia tofauti hiyo kuvitenganisha.

Watu wanaopika pombe ya chang'aa, ambayo imeangamiza nyumba nyingi, hutumia njia hiyo pasipo kujua elimu yake. Huchemsha pombe, mvuke wa kileo hutangulia kupanda, nao ukigusa chombo kilichopozwa kwa maji hugeuka matone. Kiwanda cha mafuta hufanya vivyo hivyo, lakini hakikusanyi kitu kimoja. Hukusanya vingi kwa wakati mmoja.

Kwanza maji na chumvi huondolewa. Kisha mafuta hupitishwa katika mabomba yaliyomo tanurini, yakapata joto la nyuzi 350 hivi, na kuingizwa upande wa chini wa mnara mrefu wa chuma. Chini ya mnara huo pana joto kali, na juu joto hupungua. Ndani yake mna sinia nyingi zenye matundu, zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mvuke hupanda kutoka sinia hata sinia, na kila aina hugeuka kimiminika mahali panapolingana na joto lake. Gesi hufika kileleni na kutoka. Chini yake hupatikana petroli, kisha mafuta ya taa na ya ndege, kisha dizeli. Kila aina hutolewa kwa bomba lake, na nyingine huhitaji kutengenezwa zaidi kabla ya kuuzwa.

Yasiyogeuka mvuke hubaki chini, meusi na mazito. Ndani ya mabaki hayo ndimo yalimo mafuta ya mashine, nta, jeli na yale mafuta meupe ya mtoto. Lakini hayawezi kupatikana kwa kuongeza moto tu, maana joto likizidi minyororo hukatika na mafuta huharibika. Hapo wataalamu hutumia hila. Mtu aliyepika maharagwe kwenye miinuko ya mlima Elgon anajua kwamba maji huchemka upesi huko, lakini maharagwe hukawia kuiva. Sababu ni kwamba juu ya mlima hewa ni haba, haiyakandamizi maji sana, nayo huchemka kabla hayajawa na moto wa kutosha. Basi mabaki ya mafuta hupelekwa katika mnara wa pili ambao hewa yake imenyonywa kwa mashine. Humo nayo huchemka upesi kuliko desturi, bila kuungua, na mafuta ya mashine hupatikana, mepesi na mazito. Kilichobaki chini kabisa ni lami.

MAFUTA MEUPE YA MADINI

Mafuta yatokayo katika mnara wa pili bado ni ya rangi ya kahawia, yananuka, na yamechanganyika na vitu vinavyoweza kudhuru. Ili yawe meupe na salama hupita hatua tatu.

Katika hatua ya kwanza yanaoshwa kwa kimiminika kinachovikamata vitu vibaya na kuyaacha mafuta mema. Kimojawapo cha vimiminika hivyo huitwa furfurali, nacho wakulima watapendezwa kusikia kwamba hutengenezwa kwa magunzi ya mahindi na makapi ya miwa.

Katika hatua ya pili nta huondolewa. Mafuta huchanganywa na kiyeyusho na kupozwa sana, mpaka nta igande kama chembe za barafu, kisha huchujwa kwa kitambaa. Nta hiyo ikisafishwa huwa mishumaa, hupakwa kwenye karatasi za kufungia vitu, na hutumika katika kazi nyingine nyingi.

Hatua ya tatu ndiyo humaliza kazi. Zamani mafuta yalitiwa asidi kali ya salfa, kisha yakachujwa kwa udongo maalumu. Viwanda vya siku hizi hupendelea kuyapitisha pamoja na haidrojeni, kwa mkazo na joto jingi, juu ya kichocheo cha madini. Haidrojeni huviondoa au huvigeuza vitu vibaya vilivyosalia. Mafuta yatokapo hapo hayana rangi, harufu wala ladha. Hutumika kumpaka mtoto, kutengeneza dawa za ngozi na za kulainisha choo, na kulainisha mashine za kutengenezea vyakula. Aina yake nyingine, isiyosafishwa kiasi hicho, hutiwa ndani ya transfoma za umeme zilizo juu ya nguzo ili kuzipoza na kuzuia cheche.

Jeli ya mkebeni ni jamaa ya mafuta hayo na nta. Mmarekani Robert Chesebrough alikwenda Pennsylvania mwaka 1859, visima vya mafuta vilipoanza kuchimbwa huko, akaona wachimbaji wakilalamika juu ya uchafu mzito uliogandamana kwenye vyuma vyao. Hata hivyo walikuwa wakijipaka uchafu huo penye vidonda. Akauchukua, akausafisha kwa miaka mingi, na mwaka 1872 akaandikisha ugunduzi wake. Jeli hiyo ikaenea ulimwengu mzima kwa jina la Vaseline. Hapa pana fundisho kwa Turkana. Nta iliyo taabu kwa msafirishaji yaweza kuwa mali kwa msafishaji mwenye ujuzi.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Kwa kuwa bidhaa hizi ni ndugu, watu wengine huzitumia kana kwamba ni kitu kimoja. Hilo ni kosa la hatari. Mafuta ya mashine ambayo hayakusafishwa kikamilifu, na hasa mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika, yana vitu viwezavyo kuleta kansa. Hayafai kupakwa mwilini wala kutiwa penye kidonda cha mtu. Mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda, maana mtoto mwenye kiu hawezi kupambanua, nayo yakiingia mapafuni huua.

Petroli nayo hutoa mvuke usioonekana, utambaao chini na kushika moto kwa cheche ndogo. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, katika barabara ipitiwayo na malori yaendayo magharibi na kaskazini, lori la petroli lilipinduka. Watu walikimbia na ndoo na madebe ili wateke. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Lori la mafuta likianguka, mwenye akili hukaa mbali.

SAFARI MBILI

Tarehe 3 Juni 2018 Rais Uhuru Kenyatta aliyaruhusu malori ya kwanza ya mafuta ghafi kuondoka Turkana. Malori hayo yalibeba matangi yaliyofunikwa vizuri ili mafuta yasipoe, yakasafiri zaidi ya kilometa 1,000 mpaka Changamwe, Mombasa. Muda si mrefu wenyeji waliifunga njia, wakidai ulinzi dhidi ya majambazi pamoja na kazi na zabuni, na malori yakasimama mpaka mapatano yalipofanywa. Mwezi wa Agosti 2019 mzigo wa kwanza wa mapipa kama 200,000, kila pipa likiwa la lita 159, uliuzwa kwa kampuni ya Kichina kwa dola za Marekani milioni 12 hivi. Mwisho wa mwaka huohuo mvua kubwa ziliharibu barabara, na mwaka 2020 majaribio yakafungwa.

Mafuta hayo hayakusafishwa Mombasa. Kiwanda cha Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963, kiliacha kusafisha mwaka 2013, kwa kuwa mitambo yake ilikuwa imechakaa na bidhaa zake zilikuwa ghali kuliko za kununua ng'ambo. Tangu hapo Kenya hununua petroli, dizeli na mafuta ya taa yaliyokwisha kusafishwa, hasa kutoka nchi za Ghuba ya Uarabuni. Meli huyashusha Mombasa, bomba huyachukua mpaka Nairobi, Nakuru na Eldoret, na malori huyapandisha Kitale, Lodwar na Kakuma.

Msomaji na apime mwenyewe. Kutoka visima vya Lokichar hata Kakuma ni kilometa 200 hivi. Kutoka Mombasa hata Kakuma ni zaidi ya kilometa 1,200, mbali na safari ya bahari. Chupa ya petroli auziwayo kijana wa bodaboda wa Kakuma imepita njia hiyo ndefu, na kila hatua ya njia imeongezwa katika bei. Hata mshumaa na mafuta ya mtoto nayo yamelipiwa kazi iliyofanywa kwingine.

FUNGU LA MWENYEJI

Wengine husema dawa ni kujenga kiwanda Turkana kesho. Jambo hilo si jepesi. Kiwanda hutaka mafuta mengi kila siku, maji, umeme, barabara, mafundi na soko, na kiwanda kidogo huweza kuuza bidhaa ghali kuliko za ng'ambo, kama ilivyotokea Changamwe. Uganda, ambayo mafuta yake ya ziwa Albert yalionekana mwaka 2006 nayo yana nta nyingi vilevile, ilikusudia mambo mawili pamoja: bomba lenye kupashwa joto, la kilometa 1,443, kutoka Hoima mpaka Tanga, na kiwanda cha kusafishia mapipa 60,000 kwa siku. Kenya ilikusudia bomba la zaidi ya kilometa 800 kutoka Lokichar mpaka Lamu, ili mafuta ghafi yauzwe nje. Wenzi wawili wa Tullow walijitoa mwaka 2023, na mwaka 2025 Tullow yenyewe iliuza haki zake za Kenya kwa kampuni ya Gulf Energy. Kwa hiyo zaidi ya miaka 10 baada ya Ngamia-1, utajiri mkubwa ulioahidiwa ulikuwa haujafika.

Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 imeamua namna ya kuligawa fungu la serikali litokanalo na mafuta: 75 kwa mia kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, na 5 kwa wenyeji wa mahali penyewe. Sehemu hiyo ya mwisho inaweza kujenga visima vya maji na zahanati, ikiwa wenyeji wanajua kusoma hesabu zake na kuuliza. Kuna na jambo la maji. Ili kuyasukuma mafuta mazito yatoke katika jiwe, maji mengi hutiwa ardhini, na katika mipango iliyofanywa maji hayo yangeletwa kwa bomba kutoka bwawa la Turkwel. Mfugaji anayechimba mchanga wa mto mkavu kwa mikono ili mbuzi wake wanywe, ana haki ya kuuliza bomba hilo litakapopita karibu na kijiji chake litamwachia nini. Mnamo Oktoba 2013 wakazi walipoandamana kutaka kazi, Tullow ilisimamisha shughuli zake kwa muda. Tangu hapo imeonekana wazi kwamba mafuta hayatoki vizuri mahali ambapo mwenye ardhi hajaridhika.

Lakini kazi za mafuta hazitolewi kwa kuwa mtu alizaliwa karibu na kisima peke yake. Mchomeleaji wa mabomba, fundi wa umeme, mpimaji wa mafuta maabarani, mwendeshaji wa mtambo na mhesabu wote hupatikana kwa masomo. Hesabu na sayansi za shule ya msingi ndizo mlango wa kwanza. Lodwar sasa una chuo cha elimu ya juu na vyuo vya ufundi, na Kakuma ina shule nyingi zilizojaa watoto wa wenyeji na wa wageni. Mzazi auzaye mbuzi ili amlipie mtoto karo ya chuo cha ufundi hajapoteza mbuzi.

Umeme wa Turkwel ulipita juu ya vichwa vya watu ukaenda zake, na wakati ule wachache walijua kuuliza. Mafuta hayajaondoka bado. Sehemu kubwa ingali katika vitundu vya mawe ya Lokichar, ikingoja wenye ujuzi wa kuitoa na kuitenganisha. Siku kazi hiyo itakapoanza kwa ukamilifu, itafaa miongoni mwa wenye ujuzi hao wawemo vijana wa Lodwar na Kakuma waliokwisha kujiandaa.